Mwembamba wa Benki, Mnene wa Unga

Agosti 2025, ASA, mamlaka inayosimamia matangazo ya biashara nchini Uingereza, iliiamuru kampuni ya mavazi ya Zara iondoe picha mbili kwenye tovuti yake kwa sababu wanamitindo waliopigwa picha walionekana wamekonda kupita kiasi cha afya. Katika picha moja, nywele zilizobanwa nyuma na vivuli vilimfanya mwanamitindo aonekane amedhoofu. Katika nyingine, shati la shingo pana na namna dada huyo alivyosimama vilitokeza mifupa ya mtulinga. Zara ilijitetea kwamba wote wawili walikuwa na vyeti vya daktari. Haikusaidia, picha zikatolewa.

Habari za namna hii zikifika Nairobi huamsha swali lile lile: na sisi je, tupige marufuku mabango ya wasichana wembamba? Wako wanaosema ndiyo bila kusita, na wako wanaosema huo ni ukoloni wa mambo ya Wazungu, sisi tuna shida zetu. Kila upande una hoja nzito kuliko unavyopewa na mwenzake. Mimi naona waliotunga sheria hizi huko nje walikuwa na sababu, ila kilichokuwa mbele yao sicho kilicho mbele yetu.

Tuanze na sababu yenyewe. Agosti 2006, Luisel Ramos, mwanamitindo wa Uruguay, alianguka akafa kwenye maonyesho ya mavazi mjini Montevideo. Alikuwa na miaka 22. Mwezi uliofuata, waandaaji wa maonyesho ya mitindo ya Madrid wakakataa wanamitindo ambao BMI yao, yaani kipimo cha uzito kikilinganishwa na kimo, ilikuwa chini ya 18. Novemba mwaka huo huo akafa Mbrazili Ana Carolina Reston, mwenye miaka 21, akiwa na uzito wa kilo 40 hivi. Hawa hawakufa kwa umaskini wala ukame. Walikuwa kazini, katika kazi iliyowalipa kwa kukonda.

Israel ilipitisha sheria mwaka 2012: mwanamitindo awe na cheti cha daktari kisichozidi miezi mitatu, BMI isipungue 18.5, na picha iliyopunguzwa mwili kwa kompyuta iseme hivyo waziwazi. Ufaransa ilifuata; sheria yake ilianza kutumika 2017, na mwajiri anayemtumia mwanamitindo asiye na cheti anaweza kutozwa faini ya euro 75,000 na kufungwa miezi sita. Tofauti ni kwamba Wafaransa, baada ya mabishano marefu, waliacha kuweka namba moja kwa wote. Walimwachia daktari apime afya ya mtu kwa ujumla wake, BMI ikiwa kipimo kimoja miongoni mwa vingine.

Hapo ni afya ya mfanyakazi. Upande wa mtazamaji, ushahidi unaotajwa sana unatoka mbali na Ulaya, na kwa mtu wa Nairobi ndio unaofikirisha zaidi. Ni utafiti wa Anne Becker katika mkoa wa Nadroga, Fiji. Huko mwili mnene ulikuwa fahari, na mtu akikonda nyumba nzima iliingiwa na wasiwasi. Televisheni iliingia mwaka 1995. Wakati huo hakuna msichana hata mmoja kati ya waliohojiwa aliyesema anajitapisha ili apungue. Mwaka 1998, asilimia 11.3 walisema wanafanya hivyo.

Ni takwimu ya kushtua, lakini isisomwe kwa pupa. Wasichana waliohojiwa walikuwa 63 mara ya kwanza na 65 mara ya pili, na hawakuwa wale wale. Tena kilichoingia kilikuwa televisheni nzima, tamthilia na yote, siyo matangazo ya biashara peke yake. Fiji ya miaka hiyo ilikuwa ikibadilika kwa mengi. Hata hivyo, anayesema kwamba jamii inayopenda unene ina kinga ya kudumu dhidi ya picha ajiulize wasichana wa Nadroga waliipoteza wapi kinga yao.

Nairobi nayo ilikuwa na kinga kama hiyo. Ukikonda unaulizwa, "Kwani kuna nini?" Ukinenepa kidogo baada ya harusi unaambiwa umenawiri. Kwa kizazi kilichoishi miaka ya 1980 na 1990, kukonda kulikuwa na maana ya kutisha. Jirani zetu Uganda waliuita Ukimwi "Slim", yaani wembamba. Shangazi aliyezika ndugu zake miaka ile hawezi kuutazama mfupa wa mtulinga kwenye bango akaona urembo.

Sasa simama Barabara ya Thika au ya Mombasa utazame mabango. Hili ni jambo la kuona kwa macho, sina takwimu yake, na kila mtu anaweza kulihakiki akiwa amekwama kwenye foleni. Tangazo likiwa la unga wa ugali, mafuta ya kupikia au sabuni ya kufulia, anayecheka huku ameshika mwiko ni mama wa mwili, mikono imejaa, kitambaa kichwani. Likiwa la akaunti ya benki, nyumba za Kilimani, manukato au gari, anatokea binti mwembamba mwenye shingo ndefu na mkoba wa ngozi. Hakuna aliyeandika popote kwamba mnene apike na mwembamba aweke akiba. Lakini pita hapo kila asubuhi kwa miaka kumi, utakuwa umefundishwa mwili upi ni wa jikoni na upi ni wa ofisini. Kwa maoni yangu huu ndio ubaguzi wetu hasa, na hakuna sheria ya BMI inayougusa, kwa kuwa mama wa unga ana afya yake na binti wa benki pengine naye ana yake.

Ukiwauliza watengenezaji wa matangazo, watakuambia hawakukusudia. Nguo za kupigia picha huletwa saizi moja, mara nyingi 8. Muda wa studio unalipiwa kwa saa. Mteja anataka picha kesho. Anayeingia kwenye nguo bila kushonewa ndiye anayepata kazi. Tena watasema kwamba unga unauzwa kwa kumwonyesha mnunuzi alivyo na benki inauzwa kwa kumwonyesha anavyotamani kuwa. Sidhani ni uongo. Ni uvivu, lakini uvivu wenye hesabu zake.

Kuna na hoja ya afya ya umma. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa 2014 uliwakuta asilimia 33 ya wanawake wa Kenya wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi au unene wa kupindukia, na asilimia 9 ndio waliokonda chini ya kiwango. Kwa nini basi tuhangaike na wembamba wakati kisukari na shinikizo la damu vinatoka upande wa pili? Hoja nzuri, ila inadhani bango hufanya kazi kama chakula. Wanaonenepa Nairobi wananenepeshwa na chipsi, soda na kukaa kwenye foleni. Msomaji mkali atanirukia: kama bango halinenepeshi, linakondeshaje? Halikondeshi. Linamfanya msichana auchukie mwili alio nao, na anayeuchukia mwili wake ni mteja rahisi. Nitarudi kwa mteja huyo.

Kwanza hii BMI, maana ndiyo inayopendekezwa kila mara kama suluhisho la haraka. Ni uzito kwa kilo ukigawanywa kwa kimo kwa mita, kisha kwa kimo hicho tena. Chukua binti wa mita 1.78 mwenye kilo 56: anapata 17.7. Madrid wangemrudisha nyumbani, na Israel ingemtaka afikishe kilo 58.6. Sasa binti huyo awe ametoka Turkana, ambako miguu mirefu na mwili mwembamba ni maumbile ya watu wenye afya na nguvu zao. Ajuma Nasenyana alitoka huko, akiwa mwanariadha kabla ya kuwa mwanamitindo, akaja kupanda majukwaa ya Victoria's Secret na Vivienne Westwood. Namba iliyokadiriwa kwa miili ya kwingine ingeweza kumfungia mlango mwenye afya na kumpitisha mgonjwa mfupi. Kwa hiyo wanaosema sheria ya BMI itawaumiza dada wa kaskazini mwa Kenya wanasema kweli, na ajabu ni kwamba dada hao ndio hao hao waliowahi kuambiwa ni weusi mno kwa matangazo ya vipodozi.

Lebo ya "picha imerekebishwa" nayo ina mvuto wake, kwa sababu haimzuii mtu chochote. Shida ni kwamba Marika Tiggemann wa Chuo Kikuu cha Flinders, Australia, ameipima mara kadhaa na wenzake, na wakakuta haimpunguzii mtazamaji kinyongo na mwili wake. Ukiambiwa kiuno kimepunguzwa, unakitazama kiuno.

Turudi mjini. Ingia eksibisheni yoyote karibu na Moi Avenue utazame sanamu za plastiki zinazovalishwa jinzi. Hazina undugu na za Paris. Kiuno ni cha kushika kwa viganja viwili, nyonga zimetuna hata muuzaji analazimika kuibana jinzi kwa pini mgongoni ili isicheze. Ni umbo la namba nane lisilopatikana kwa kula wala kwa kufunga. Toka nje, nguzo ya stima ina karatasi iliyobandikwa kwa gundi ya unga: kuongeza hipsi na makalio, kupunguza tumbo, kurudisha mpenzi. Huduma zote tatu, namba moja ya simu.

Kwa hiyo msichana wa Umoja au Githurai habanwi na wembamba tu. Bango la benki linamtaka awe mwembamba, sanamu ya dukani inamtaka awe na nyonga, shangazi anamtaka anawiri. Kwenye simu yake kuna mtu mwenye wafuasi wengi anayemuuzia chai ya kukata tumbo wiki hii na sharubati ya hamu ya kula wiki ijayo. Huyu ndiye mteja niliyesema nitamrudia. Sheria ya kuwaondoa wembamba kwenye mabango ingemwacha mikononi mwa wauzaji wote hao, huku sisi tukipongezana.

Wanaohofia serikali kupima viuno vya raia wana haki. Kifungu cha 33 cha Katiba kinalinda uhuru wa kujieleza, na sitamani kumwona afisa wa kaunti akiamua mwanamke yupi ni mwembamba mno. Lakini Katiba hiyo hiyo, Kifungu cha 46, inalitaka Bunge litunge sheria ya matangazo ya haki, ya kweli na yenye staha. Sheria ya Kulinda Watumiaji Bidhaa ya 2012 inakataza madai ya uongo. Bodi ya Dawa na Sumu ipo. Aliyebandika karatasi kwenye nguzo ameacha namba yake, na muuza chai amejirekodi video. Kuwafuata hakuhitaji mzani wala mjadala wa utamaduni. Oktoba 2024 mwanamke mmoja alifariki jijini Nairobi baada ya upasuaji wa kurembesha mwili, kliniki ikafungwa, na kwa siku chache kila mtu akazungumzia usimamizi. Karatasi hazijatoka kwenye nguzo.

Kutoka Ufaransa ningechukua jambo moja tu, nalo ni cheti cha daktari, kisicho na namba ya BMI, kama suala la usalama kazini na siyo la picha. Wanamitindo wa hapa wengi hawana mkataba wa kueleweka, hulipwa miezi baada ya kazi, na hakuna anayewauliza wamekula nini siku ya kupigwa picha. Wenye kampuni watalalamika kuhusu gharama, na ndiyo maana sheria ingepaswa kusema waziwazi kwamba anayelipa ni mwajiri. Isiposema hivyo, daktari atalipwa na binti wa miaka 18 ambaye hata nauli ya kwenda kwenye usaili aliikopa.