Banda la Kuku Lipimwe kwa Mwezi wa Aprili

Katika chama chetu hapa Vihiga kuna ubishi usioisha: kuku mmoja anahitaji nafasi kiasi gani bandani? Wengi wetu tulifundishwa futi mbili za mraba kwa kila kuku, na tukajenga kwa kipimo hicho. Kisha afisa mmoja wa mifugo, kijana, alitutembelea akasema kuku anayefungiwa mchana kutwa apewe futi nne, na asiyeweza kupanua banda apunguze kuku. Watu waliguna. "Huyu hajawahi kununua bati," mzee mmoja akasema, na kikao kikaingia mambo ya michango.

Nadhani kijana yule hakueleweka. Lakini wanaompinga nao wapewe haki yao, maana wana sababu.

Kwanza ni ardhi. Sensa ya 2019 ilikuta zaidi ya watu 1,000 katika kila kilomita moja ya mraba ya kaunti hii. Robo ekari inabeba nyumba, mahindi, ndizi, ng'ombe mmoja na makaburi ya wazee. Kumwambia mwenye robo ekari aongeze banda ni kumwambia ang'oe kitu. Pili, kuku wa mama zetu walilala jikoni, kumi au kumi na wawili, wamebanana kando ya kuni, na hakuna aliyewapimia. Kuku mwenyewe hupenda kubanana usiku. Mpe fito ndefu ya kulalia utawakuta wote wamejikusanya upande mmoja. Sentimita 20 za fito zinamtosha. Tatu kuna wezi, kicheche na nguchiro. Banda dogo lenye kufuli hulindika kuliko ua mpana wa waya.

Hoja iliyonisumbua zaidi ililetwa na mwalimu mmoja mstaafu. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya 1999, ile iliyopiga marufuku vizimba vya zamani vya kuku wa mayai kuanzia 2012, inaruhusu kuku tisa kwa kila mita moja ya mraba katika mabanda yasiyo na vizimba. Piga hesabu: ni futi moja na kidogo kwa kuku. Kama wao wanaosifika kwa kutetea wanyama wanaridhika na hiyo, sisi wenye futi mbili tuna kosa gani?

Nililifikiria swali hilo siku kadhaa. Jibu langu ni kwamba kipimo kile kiliwekewa banda la aina nyingine. Mabanda makubwa ya Ulaya yana feni za kuvuta hewa, fito za ghorofa, na mara nyingi sakafu yenye matundu ambayo kinyesi hudondokea chini, mbali na miguu ya kuku. Letu lina sakafu ya udongo, maranda, na dirisha moja ambalo tunalifunika gunia mvua ikija.

Futi mbili si uongo. Kwa kuku anayetoka saa moja asubuhi na kurudi jua likizama, zinatosha kabisa, hata moja na nusu ningezikubali iwapo fito ni za kutosha. Kwa kuku huyo banda ni kitanda tu. Shida yetu ina jina na kila mtu wa Magharibi anaijua: msimu wa kupanda. Machi na Aprili mahindi na maharagwe yakiwa ardhini, mtu anayependa amani na jirani hufungia kuku wake mpaka miche ikomae kidogo, na hizo ni wiki tatu, pengine nne. Mvua nayo inanyesha kila alasiri. Banda lililopimwa kama kitanda linakuwa nyumba, jiko na choo kwa pamoja.

Nitatumia banda la wifi yangu kwa sababu nililipima mwenyewe kwa futikamba. Futi nane kwa kumi, yaani 80 za mraba, na ndani yake kuku 40 wa kienyeji walioboreshwa. Ni futi mbili kamili, kama tulivyofundishwa. Ondoa viota vinane vilivyopangwa chini, vyombo viwili vya chakula na viwili vya maji, zinabaki kama futi 68. Kila kuku amebakiwa na eneo la karatasi mbili na nusu za A4, na hapo ndipo asimame, achakure, na ajinyunyize vumbi.

Hata hivyo, mimi hofu yangu kubwa ni maji. Kuku mkubwa hutoa kinyesi kibichi cha gramu 100 hivi au zaidi kwa siku, na karibu robo tatu yake ni maji. Kuku 40 wanatoa kilo nne, ambamo mna lita tatu za maji. Wakitembea nje, sehemu kubwa ya kinyesi hicho inaishia shambani na ni mbolea. Wakifungiwa wiki tatu, ni lita 63. Chukua mitungi mitatu ya lita 20, imwage kidogo kidogo ndani ya chumba cha futi nane kwa kumi wakati hewa ya nje yenyewe imelowa na haikaushi hata nguo kwenye kamba. Hapo sijahesabu mvuke wa pumzi zao, wala maji wanayomwaga wakinywa. Maranda ya inchi nne hayawezi kumeza yote hayo. Ndiyo maana kuhara damu huwakamata vifaranga na temba msimu ule ule kila mwaka, nasi tunasema ni ugonjwa wa mvua. Vimelea vya kuhara damu hustawi kwenye matandiko yaliyolowa. Kuku wakiwa 20, maji yale yanakuwa nusu, juu ya maranda yale yale.

Asubuhi moja ya wiki ya tatu nilienda kumsaidia. Alipofungua mlango macho yaliniwasha. Nilipochuchumaa mpaka usawa wa kuku, harufu ilikuwa kali zaidi ya pale niliposimama, na huko chini ndiko wanakovuta pumzi usiku na mchana. Nikachota maranda nikayafinya. Nilipofungua kiganja yalibaki donge, kama tonge la ugali. Matandiko makavu humeguka. Kisha nikamwona mtetea mmoja amejibanza nyuma ya chombo cha maji. Mgongo ulikuwa mtupu mpaka mkiani, ngozi imevimba, na juu ya mkia kuna kidonda kibichi. Kila alipojaribu kutoka kwenda kula, wawili watatu walimfuata wakidonoa pale pale penye damu. Alikuwa mwepesi kama kifaranga nilipomnyanyua.

"Wifi, huenda ni chakula," aliniambia. "Hawapati dagaa siku hizi." Inawezekana. Upungufu wa protini na wa chumvi huchangia kudonoana, mwanga mkali pia, na viroboto. Sibishi. Lakini chakula kilikuwa kile kile cha Februari, na Februari hakukuwa na kuku mwenye kidonda. Kilichobadilika ni mlango. Mayai nayo, yaliyokuwa 22 au 23 kwa siku, yalifika 12.

Futi nne za yule kijana zinafanana na zile ambazo wafugaji wa nyumbani wa Marekani huambiwa: nne ndani, kumi nje. Wazee walicheka kwamba hizo ni za watu wenye nafasi. Lakini huko kwenye baridi kuna majira ya theluji, kuku wanakaa ndani majuma mazima. Nasi tunayo majuma yetu. Kule Kisumu, ambako joto la ziwa huwafanya kuku wahemee midomo wazi kwa kuwa hawatoi jasho, ningeongeza nafasi hata bila kufikiria msimu wa kupanda.

Na kupunguza kuku si hasara kama tunavyoogopa, ikiwa kunafanywa kwa wakati wake. Desemba watu wanarudi nyumbani na kila mgeni lazima achinjiwe. Hakuna mwezi ambao jogoo au mtetea aliyepunguza kutaga huuzwa kwa urahisi kama huo. Anayebaki na 40 mpaka Machi atalisha 40 wakati wanapotaga vibaya kuliko wakati wowote.

Mwaka huu wifi yangu aliuza 16 kabla ya Krismasi. Banda ni lile lile, ila viota amevipandisha ukutani, kwa hiyo kila kuku ana zaidi ya futi tatu. Zile nne kamili hajazifikia. Ana waya wa kutosha ua mdogo wa futi nane kwa kumi, na tunabishana bado auweke wapi: upande wa migomba kuna kivuli, lakini pako karibu na kichaka alikokaa nguchiro mwaka jana.