Kombe wakubwa hawatoshi kutuambia hali ya ziwa

Metali nzito zikitajwa kwenye mialo ya Mwanza, jibu huwa tayari: mbona kombe, wale viumbe wa ziwani wenye magamba mawili, bado wapo, tena wakubwa? Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Zebaki iliyopimwa kwenye minofu ya sangara mara nyingi imekuwa chini ya miligramu 0.5 kwa kilo, na ziwa la kilomita za mraba 68,800 huzimua mengi. Anayetangaza kwamba samaki wote wa Victoria ni sumu anawatisha watu bure.

Ila kombe mkubwa ni shahidi dhaifu. Maji yakichafuka hufunga magamba yake, akasubiri. Mtoto wake wa milimita moja hana subira hiyo. Miezi ya mwanzo huishi ndani ya tope, akijilisha kwa kuzoa chembe kwa mguu, palepale metali zinapotulia. Shaba huvuruga chumvi za mwili wake. Kadimi, metali nzito nyingine, huingia kwa mlango wa kalsiamu. Maji ya Victoria nayo ni laini, kalsiamu ya kushindana na metali hizo ni chache. Maabara za Marekani zimeona watoto wa kombe wa maji baridi wakifa kwa shaba ya mikrogramu makumi machache tu kwa lita. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni mikrogramu 2,000! Maji yaliyo salama kwa binadamu yanaweza kuwa kaburi la kizazi kizima cha kombe, huku wazazi wakiendelea kuonekana kwa miaka.

Hata hivyo, watoto wakikosekana tusikimbilie kulaumu metali za maji ya gereji. Mabuu ya kombe wengi wa ziwani lazima yajishikize kwanza kwa samaki. Kokoro, wavu wa kukokotwa hadi ufukweni, likiwakomba samaki hao, au udongo wa mvua ukifunika ufukwe, matokeo ni yaleyale.

Kinachotenganisha sababu hizo ni tope. Mdomoni mwa Mto Mirongo, unaopita Mwanza mjini, chota sentimita 2 za juu kwa kijiko cha plastiki, maana cha chuma huongeza metali zake, kisha pitisha kwenye wavu wa nailoni wa mikroni 63 kabla ya kupeleka maabara. Hapohapo chekecha mita moja ya mraba na upime urefu wa kila kombe. Rudia kwenye ufukwe wenye samaki na udongo kama huo, usiopokea maji ya gereji. Chekeche liwe la milimita 1 au chini yake. La milimita 5 huwapitisha watoto wachanga, na ripoti ikaandika hawapo.