Kiinua mgongo si cha kupigia jipsamu

Mtu akiachishwa kazi hapa Dar, wiki ya kwanza analala. Ya pili anapiga simu kwa kila anayemjua. Ya tatu anaanza kuiona nyumba yake. Doa la maji darini alilokuwa akilipita alfajiri akiwahi daladala, sasa analo mbele ya macho kutwa nzima. Mlango wa bafu unaburuza. Koki ya jikoni inadondosha. Hapo ndipo linapomwingia wazo ambalo nimeliona likiwapukutisha watu wazima na akili zao: si nimelipwa kidogo, ngoja niiweke nyumba sawa.

Kuiweka sawa, ukimfuatilia, ni dari ya jipsamu sebuleni, taa za kubadilika rangi, vigae vipya barazani na makochi ya kona. Napinga. Napinga nikiwa nami niko nyumbani, maana mradi wa afya niliokuwa nao ulifungwa 2025, mwaka ule Marekani iliposimamisha misaada na watu wa miradi tukajaa mtaani kwa mpigo. Kwenye grupu letu la WhatsApp zilipishana CV na picha za dari mpya. Dari zenyewe zilikuwa nzuri, siwezi kusema uongo. Ila miezi ilivyosogea, baadhi ya waliozituma wakaanza kuulizia nani anaweza kuwakopesha ada.

Tupige hesabu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka kiinua mgongo, yaani malipo ya kuachishwa kazi, kisipungue mshahara wa msingi wa siku saba kwa kila mwaka uliokamilisha, mwisho miaka kumi. Kwa hiyo aliyefanya kazi miaka mitano, kima chake cha chini ni mshahara wa siku 35, tena wa msingi, posho zimekaa pembeni. Ongeza malipo ya notisi kama hukuifanyia kazi, ongeza likizo ambazo hukwenda. Basi. Fedha hiyo inaonekana nyingi kwa sababu imeingia siku moja. Ukiigawa kwa unga, mchele, LUKU, ada na nauli za kwenda kwenye usaili, inajulikana mwisho wake uko wapi. Fundi jipsamu akishapima sebule na korido, ameondoka na muhula mzima wa mtoto.

Lakini sisemi ukae tu na rimoti mkononi. Nyumba ya mtu wa kazi huharibika kwa kukosa muda. Fedha ya kununua raba ya koki ilikuwepo siku zote, aliyekosekana ni mtu wa kukaa nusu saa akaibadilisha. Sasa mambo yamepinduka: muda umejaa, fedha inahesabika. Kwa hiyo zishike zile kazi zinazokula saa zako na kuiacha pochi salama, na nyingine zote ziache pale pale zilipo mpaka mshahara urudi.

Mimi ningeanzia kwenye makaratasi. Kila nyumba ina ile droo, au lile sanduku la chuma chini ya kitanda: kadi za kliniki, risiti za saruji, vyeti vya shule, mkataba wa kuuziana kiwanja wenye mhuri wa serikali ya mtaa, kalenda za miaka iliyopita. Mwaga vyote kitandani, tenga. Cha kutafuta haraka ni mkataba wa kazi, slipu za mshahara na barua ya kuachishwa, kwa sababu malalamiko ya kuachishwa isivyo halali yanatakiwa yafike Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile CMA, ndani ya siku 30. Mtu anaweza kuutumia mwezi wake wa kwanza kupanga kabati la vyombo kwa rangi na ukubwa, na haki yake ikawa imepitwa na wakati huku karatasi iko hatua tatu kutoka alipokuwa amesimama. NSSF nao wana fao la kukosa ajira, lina masharti yake, kaulize mapema ukiwa na nyaraka mkononi. Na vyeti ukishavipata vipige picha, maana Ajira Portal, tovuti ya kuombea kazi serikalini, haisubiri mtu amalize kupekua.

Baada ya hapo, paa. Hapa naomba mnivumilie, maana ndipo nilipojifunza mengi.

Maji yanayodondoka juu ya kochi mara nyingi hayakuingilia juu ya kochi. Yanaingia kwenye tundu la msumari huko juu, yanatambaa na mbao, papi au kenchi, yanakwenda mita mbili tatu, yakifika kwenye kifundo cha mbao ndipo yanaanguka. Ukimwita fundi akapaka lami pale juu ya doa, umelipa bure. Njia ya kulikamata tundu haina gharama: panda darini saa sita mchana, zima tochi, tulia kidogo. Macho yakishazoea giza, kila tundu linang'aa kama nyota. Weka alama ya chaki kwenye mbao iliyo karibu. Kule kwetu nyingi zilikuwa pale ambapo fundi wa zamani alipigilia msumari kwenye bonde la bati, njia ya maji, badala ya mgongoni. Nyingine zilikuwa mgongoni sawasawa, ila ile raba chini ya kofia ya msumari ilikuwa imekaushwa na jua mpaka ukiigusa inapukutika kama biskuti.

Dawa ni kung'oa msumari uliolegea na kupiga mwingine mnene kidogo wenye raba mpya, na tundu la bondeni kulisafisha vizuri, likauke, kisha kuliziba kwa lami au silikoni. Ukipanda, kanyaga kwenye mistari ya misumari, maana ndiko papi ziliko chini yake, na uwe na mtu wa kushika ngazi. Na panda kumekucha tu. Ikifika saa tatu bati halikanyagiki, na umande wa alfajiri ya mapema sana nao unateleza. Kazi hii fanya Januari na Februari, kabla masika ya Machi hayajaanza, au Septemba kabla ya vuli. Aliye kazini huikumbuka mvua ikiwa imeshaanza, na bei ya fundi wakati huo mnaijua.

Maji ndiyo mwizi wa pili. Usiku mkishalala, funga koki zote, soma mita. Asubuhi isome tena kabla mtu hajaenda chooni. Kama namba zimesogea, kuna mahali panavuja na ankara inakuja kwa jina lako. Mshukiwa wa kwanza ni tangi la choo: tia rangi kidogo, hata chai ya rangi iliyokolea inatosha, kaa bila kuvuta maji, ukiona rangi imeshuka bakulini raba ya chini imechoka. Umeme ni habari nyingine. Swichi inayotoa cheche au soketi inayopata moto mwite fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hata kama umetazama video kumi. Hiyo ndiyo fedha ninayokubali itoke.

Kwa wapangaji neno moja tu: kabla hujagusa bati la mtu, mwambie mwenye nyumba, na kama mmekubaliana mkatane kwenye kodi, iwe kwa maandishi, hata meseji.

Uani napo. Nimetumia miaka kadhaa nikihesabu wagonjwa kwenye majedwali, na Dar tumepata milipuko ya dengi 2014 na 2019, kwa hiyo tairi bovu lenye maji silioni kama uchafu tu. Mbu wa dengi anauma mchana, na anazaliana kwenye maji safi yaliyotuama: tairi, kifuu, ndoo iliyopasuka nusu, gata iliyoziba kwa majani ya mwembe. Ukiwa kazini anawauma walioko nyumbani. Sasa ni wewe unayeshinda barazani. Kusafisha gata na kupindua ndoo ni asubuhi moja.

Sasa stoo. Kwetu ni chumba cha uani kilichojengwa kwa nia njema, kikageuka jaa. Kulikuwa na TV ya chogo iliyokufa kabla hata mitambo ya analojia haijazimwa Dar mwisho wa 2012. Kulikuwa na ving'amuzi vya kampuni tofauti, pangaboi lisilo na mapanga, madumu, vipande vya bomba, na chini ya yote hayo furushi la mifuko ya rambo, ile iliyopigwa marufuku Juni 1, 2019, tumeitunza kana kwamba serikali itakuja kujuta.

Video za mtandaoni zinasema kitu ambacho hukukigusa mwaka mzima kitupe. Ushauri huo umetoka kwa watu ambao kitu wakikihitaji tena wanabonyeza simu, kesho kiko mlangoni. Kipande cha bomba cha futi mbili kinaweza kulala stoo miaka mitano, siku bomba linapopasuka Jumapili usiku, maduka ya vifaa yamefungwa, kikakuokoa. Kwa hiyo mimi sikuuliza nilikitumia lini. Nilijiuliza, nikikihitaji usiku umeme umekatika, nitakipata? Vilivyopatikana kwa mkono vikabaki, kwenye ndoo moja ya rangi ya lita ishirini iliyo karibu na mlango: raba, tepu ya mabomba, misumari ya bati, bawaba, bisibisi. Vingine vikaondoka.

Vinakoondokea ndiyo kazi yenyewe. Vijana wa skrepa wanapita na mkokoteni na mizani, na kama umewapa mzigo mchanganyiko watakulipa bei ya chuma kwa kila kitu. Tenganisha kabla hawajafika: sufuria mbovu za alumini kivyake, waya wa shaba kivyake, chuma kivyake. Alumini na shaba zina bei yake, wao wanajua, ila hawatakuanzia hayo mazungumzo. Mablanketi, sahani na sare za shule zilizobana vikaenda Singida kwa mama, kwa basi la kutoka Mbezi, na huko vimeshagawiwa kwa watu ambao hata mimi siwajui.

Kuuza vitu vya maana nyumbani kuna aibu yake na kuna hasara yake. Mnunuzi akikukuta umevaa kaptula saa nne asubuhi siku ya kazi, bei imeshashuka kabla hujafungua mdomo. Uza Jumamosi. Na usiuze kifaa kinachoweza kuingiza fedha: cherehani, friji, kompyuta. Cherehani ya mama mkwe ilikuwa imeshaanza kusogezwa mlangoni nikijua ni ya kuondoka, mke wangu akanisimamia pale pale akaniambia, "Baba Imani, anza na ving'amuzi vyako." Alikuwa sahihi. Yeye ndiye aliyekuwa anatoka kwenda kazini, na usiku alikuwa anapokea nguo za kurekebisha.

Ambalo halisemwi sana ni maneno ya mtaa. Mwanamke akiachishwa kazi akakaa akisafisha, hakuna anayeshangaa, na kazi yake haihesabiwi. Mwanaume akianika nguo mara mbili tayari ni marioo. Jirani yangu mmoja, mzee ninayemheshimu, aliniuliza kwa upole, "Kijana wangu, likizo hii inaisha lini?" Nikamwamkia, nikaendelea kukamua nguo. Ila niliona wenzangu kadhaa wakitoka nyumbani kila asubuhi na begi mgongoni, wakashinde kijiweni, ili tu mtaa usiwaone uani. Nauli, soda, vocha, na paa bado linavuja.

Hatari ya upande wa pili nayo ipo, na hii ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi. Kazi za nyumbani haziishi, na zina raha moja ambayo kutafuta kazi haina: ukimaliza unaona. Maombi unatuma, kimya. Bati unaziba, mvua inanyesha, pakavu. Mtu anaweza kujificha kwenye raha hiyo miezi mitatu, anang'arisha vitasa huku tarehe za mwisho za maombi zinapita. Kwa hiyo kwangu paa na uani mwisho saa tatu, au nne kukiwa na mawingu. Kisha naoga, navaa shati, nakaa mbele ya kompyuta mpaka Imani anaporudi shule. Shati linasaidia, sijui kwa nini.

Stoo ilipokuwa tupu, ndugu wakaanza kuigombania. Mdogo wangu anataka tufuge kuku wa mayai, maana hakuna mtu aliyewahi kukaa bila kazi nchi hii asishauriwe kuku. Mama Imani anataka mpangaji, msichana wa chuo au mwalimu, alipe miezi sita kwa mkupuo. Nimekaa upande wake. Chumba kina dirisha, kina umeme, kilichobaki ni mlango mpya na wavu wa mbu, na hiyo ni fedha ambayo nitaitoa kwenye kiinua mgongo bila kusita kwa sababu inarudi. Mdogo wangu ameambiwa kuku wake awafugie kwake Chanika.