Wiki ya Gredi ya Tano Lamu: vipindi 35 au siku moja ya vitendo?

Katika vikao vya walimu wa gredi ya 4 hadi ya 6 kuna ubishi usiokwisha. Wako wanaotaka wiki iende kama ratiba ilivyobandikwa ukutani: kila somo na kipindi chake, kengele ikilia daftari zinafungwa. Na wako wanaotaka siku moja itengwe, aghalabu Ijumaa, watoto watoke darasani wapime, wapande, wasuke na wahesabu vitu vya kushikika. Pande zote mbili zina haki, na zote mbili zina kitu zinachokisahau.

Kwanza tuangalie muda wenyewe. Tangu masomo yalipopunguzwa, wiki ya ngazi hii ina vipindi 35: Hisabati 5, Kiingereza 5, Kiswahili 4, Sayansi na Teknolojia 4, Kilimo na Lishe 4, Mafunzo ya Jamii 3, Elimu ya Dini 3, Sanaa 6, na kimoja cha malezi. Kila kipindi ni dakika 35. Jumla ni dakika 1,225, yaani saa 20 na dakika 25 kwa wiki nzima. Anayetenga siku nzima ya vitendo anachukua vipindi 7, sehemu moja kwa tano ya wiki. Vipindi hivyo vinatoka kwenye somo fulani, na kwa kawaida hakuna anayeandika ni somo gani limepokonywa.

Hapo ndipo watetezi wa ratiba wanapokuwa na hoja nzito. Hisabati na lugha hukaa kichwani kwa kurudiwa kila siku kidogo kidogo. Mwanasaikolojia wa Kijerumani Hermann Ebbinghaus alilionyesha hilo katika kitabu chake cha mwaka 1885: kurudia kulikotawanywa kwenye siku kadhaa hushinda kurudia kulikorundikwa siku moja. Lamu hatukuhitaji kuambiwa na mgeni, kwa sababu mtoto wa chuo cha Kurani hudurusu somo la jana kabla ya kupewa jipya. Darasa la gredi ya 5 likikaa siku tatu bila hesabu za sehemu, ukiliuliza nusu jumlisha theluthi, utaona daftari zimejaa mbili kwa tano: watoto wamejumlisha za juu na juu, za chini na chini. Kosa hilo halitibiwi na siku ya vitendo. Linatibiwa na dakika 10 za maswali matano kila asubuhi, yasahihishwe papo hapo.

Jambo jingine ni lugha. Kuanzia gredi ya 4 masomo mengi yanafundishwa kwa Kiingereza, na mtoto anayezungumza Kiamu, Kiswahili cha Lamu, nyumbani, barabarani na chuoni hukutana na badiliko hilo kwa ghafla. Kazi ya vikundi huchangamka kwa Kiamu, na hivyo ndivyo inavyofaa, kwa kuwa mtoto hufikiri vizuri zaidi kwa lugha aliyonyonya nayo. Lakini swali la KPSEA, mtihani wa gredi ya 6 ulioanza mwaka 2022, linamjia kwa Kiingereza na majibu ya kuchagua. Mtoto anayejua mizizi ya mkoko inafanya nini na hajui inaitwaje kwenye karatasi atakosa alama ya kitu anachokijua vyema kuliko aliyetunga swali.

Sasa upande wa pili. Dakika 35 ni chache mno kwa kazi ya mikono. Chukua kusuka ukili, ule utepe wa kushonea mikeka. Miyaa, majani ya kusukia, ikikauka lazima ilowanishwe kwanza, la sivyo inapasuka kwenye mkunjo. Mpaka igawiwe, ilowane, ikung'utwe maji na kila mtoto apate mwanzo wake, dakika 20 zimekwenda. Zinazobaki zinatosha kwa vidole viwili vya ukili, kisha kengele. Kipindi kijacho miyaa imekauka tena na wengine wamepoteza mwanzo wao. Mwalimu akichoka anaandika hatua za ususi ubaoni na watoto wananakili. Hapo somo la mikono limegeuka imla.

Tathmini nayo inadai vitendo. Mpangilio uliotangazwa KPSEA ilipoanza uliipa tathmini ya shuleni asilimia 20 kwa kila gredi, ya 4, ya 5 na ya 6, na mtihani wenyewe asilimia 40. Mwalimu anatakiwa kumweka kila mtoto katika ngazi moja kati ya nne: anazidisha matarajio, anafikia, anakaribia, au yuko mbali. Huwezi kujua kama mtoto anafikia matarajio ya kupima urefu ikiwa hujawahi kumwona akishika futi. Shule zisizotenga muda wa kazi hiyo huishia kujaza alama kwa kukisia katika wiki za mwisho. Au hutuma kazi nyumbani, mzazi ananunua manila na gundi, na usiku ndugu mkubwa ndiye anayechora. Alama inayopatikana hapo ni ya ndugu mkubwa.

Kwa hiyo vitendo vinahitajika. Swali ni lini, na naona hapa ndipo shule nyingi zinapokosea, kwa kuchagua Ijumaa. Kisiwani Ijumaa ndiyo siku fupi kuliko zote. Kabla ya saa 6 mchana mtoto anataka kuwa nyumbani akoge na avae kanzu kwa ajili ya sala. Kazi iliyoanza saa 4 inakatwa katikati, vifaa vinaachwa ovyo, na mazungumzo ya mwisho, ambayo ndiyo yenye faida, yanaahirishwa hadi Jumatatu watoto wakiwa wameshasahau. Ijumaa inafaa kwa jaribio la dakika 20, kusoma hadithi na kusahihisha.

Kuna kalenda nyingine inayofaa zaidi, na kila nahodha anaijua. Maji ya bahari hupwa na kujaa, na hukawia kama dakika 50 kila siku. Kwa siku saba huwa karibu saa sita, ndiyo maana ufuo uliopwa Jumanne hii saa 4 asubuhi utakuwa umejaa Jumanne ijayo saa hiyo hiyo. Mwalimu anayepanga ufuoni kila wiki siku moja, saa moja, atafaulu mara moja na kukwama mara ya pili, kisha ataambiwa hakujipanga. Lakini kwa wiki mbili maji hurudi karibu pale pale. Na katika pwani yetu, siku za bamvua, yaani maji makubwa, zinazofuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hupwa kabisa kati ya saa 4 na saa 5 asubuhi. Hicho ni kipindi cha tatu na cha nne katika ratiba za shule nyingi, na mapumziko marefu yanafuata.

Pendekezo ninalolitetea ni hili: vitendo vya nje viwe mara moja kwa wiki mbili, vifuate bamvua, na vichukue vipindi viwili vilivyounganishwa, dakika 70. Vikopwe kimoja kutoka Sayansi na kimoja kutoka Sanaa. Sayansi, Kilimo, Mafunzo ya Jamii na Sanaa kwa pamoja zina vipindi 17 kwa wiki, na kukopa viwili kila baada ya wiki mbili hakuumizi somo lolote. Hisabati na Kiingereza visiguswe. Tarehe zinapatikana kwa kuhesabu mwezi wa Kiislamu: tafuta siku ya shule iliyo karibu na tarehe 2 au 16, Jumatatu hadi Alhamisi, uiandike kwenye maazimio ya kazi muhula unapoanza.

Tuseme kazi ni kuhesabu mashimo ya kaa kwenye mikoko. Kila kikundi cha watoto sita kinahitaji kamba ya mita 4 iliyofungwa ncha kwa ncha, vijiti vinne, penseli mbili na ubao mgumu wa kuandikia. Kamba ikivutwa kwa vijiti inatoa mraba wa mita moja kwa moja. Wapime pembe kwa kona ya daftari, kwa sababu kamba ikilala upande mraba unakuwa msambamba na eneo linapungua bila wao kujua. Kutoka ukingo wa mikoko kuelekea majini wapige hatua kumi, waweke mraba, wahesabu, waandike, waendelee hivyo mara sita. Hatua kumi zina maana yake. Mtoto akiachiwa achague mwenyewe, ataweka mraba palipo na mashimo mengi, na takwimu zote zitapotoka. Kila shimo lililohesabiwa liwekewe kipande cha kombe mdomoni lisihesabiwe mara mbili. Yahesabiwe mashimo, wala si kaa wenyewe, kwani kaa hujificha wakisikia kishindo.

Kutembea kwenda na kurudi kukichukua dakika 20, zinabaki 50. Miraba sita huchukua 30 hadi 35. Zilizosalia ni za kusomeana takwimu pale pale, kabla ya kuondoka, kwa sababu karatasi iliyoloa haisomeki darasani. Miguu ioshwe wakati wa mapumziko. Viatu ni lazima, makombe ya chaza yanakata kama wembe, na mwisho wa kuingia majini uwe kifundo cha mguu. Watu wazima wasipungue wawili, mmoja upande wa majini, na watoto wahesabiwe mara tatu: wakitoka, wakianza kazi, na kabla ya kurudi. Miche ya mikoko isingolewe kwa ajili ya maonyesho.

Faida kubwa huja siku tatu zinazofuata, ndani ya vipindi vya kawaida. Kikundi kikipata mashimo 14, 9, 22, 17, 11 na 17, jumla ni 90 na wastani ni 15. Kwenye Hisabati wachore grafu ya miimo, sentimita moja kwa mashimo mawili, mwimo wa 22 upande sentimita 11. Makosa yatakayotokea yanajulikana: miimo yenye upana tofauti, kipimo kinachoanzia 5 badala ya 0, na mhimili usio na jina. Kwenye Kiswahili waandike maelezo ya aya mbili. Kwenye Kiingereza wayatumie maneno manane yaliyoandikwa ubaoni kabla ya kutoka, kila neno na mwenzake wa Kiswahili. Maneno hayo manane yasirukwe hata kidogo. Bila hayo, asubuhi ile inabaki matembezi mazuri.

Wiki ya maji mafu, yasiyopwa sana, haina ufuo, na ndiyo wiki ya kufanya ususi au Kilimo kwa vipindi viwili pamoja. Kwa bustani ya makopo, udongo wetu wa mchanga unataka samadi, na ya punda haikosekani mjini. Ioze wiki kadhaa kwanza, kwa kuwa mbichi inaunguza miche. Changanya makopo mawili ya mchanga na moja la samadi, toboa kitako cha kopo, na umwagilie maji ya mvua kutoka kwenye jabia, birika la kukingia mvua, ikiwa ya kisimani yana chumvi. Panda mchicha, unaovunwa baada ya wiki tatu hadi nne. Sukuma wiki inataka karibu miezi miwili, na katika muhula wa tatu ulio mfupi shule hufungwa kabla watoto hawajaonja kitu.

Mpango huu una mapungufu ya kweli. Mpeketoni, Hindi na Witu hazifuati maji ya bahari. Kule kalenda ya vitendo ni mvua, na muhula wa pili ndio wenye kazi nyingi za shamba. Kisiwani ni kinyume chake: mwanzo wa muhula huo kuna mvua ya mwaka na kusi, upepo wa kusini, inavuma, hivyo ni afadhali ukili kuliko ufuo. Mwezi wa Ramadhani matembezi yapunguzwe, kwa sababu wengi wa gredi ya 5 na ya 6 wanafunga na jua la saa 4 si la mchezo. Na shule ambayo kila somo lina mwalimu wake haiwezi kukopa vipindi kimyakimya. Anayetoa kipindi arudishiwe wiki hiyo hiyo, na mabadiliko yaandikwe kwenye rekodi ya kazi, ili afisa wa elimu akifika asione darasa tupu lisilo na maelezo.

Kigumu zaidi ni wingi. Mwalimu mmoja mwenye watoto 60 hawezi kuwaangalia wote ufuoni wala kuwapa alama za haki. Darasa ligawanywe: 30 waende bamvua hii, 30 bamvua ijayo, na wanaobaki wafanye kazi ya kuandika chini ya mwalimu jirani. Hapo kila mtoto atatoka mara moja kwa mwezi tu, na mwalimu atapata vikundi vitano vya watoto sita anavyoweza kusimama navyo dakika saba kila kimoja, daftari la alama mkononi, akimwona kila mtoto akishika kamba mwenyewe.