Siri za maharusi na ufinyu wa bajeti: filamu ya taharuki inayoweza kutengenezwa Mtwara

Kwa kijana wa Mtwara mwenye kamera moja, marafiki wawili wanaojua kuigiza na nyumba ya kuazima, kisa cha maharusi wapya wanaofichana mambo mazito kinavutia kuliko visa vingine vyote. Kinahitaji watu wawili, vyumba vitatu na usiku. Hakihitaji magari ya kugongana wala bunduki, na hofu yake haitoki kwa jambazi bali kwa mtu uliyekubali kulala naye kitanda kimoja. Wapo wanaosema kwamba hii ndiyo aina ya filamu ambayo mikoa ya kusini, yenye fedha kidogo za sanaa, inaweza kuimudu na kuifanya vizuri. Wapo wengine, na hoja zao hazipuuziki, wanaosema kwamba kisa hiki ni cha kuazima, kwamba ndoa ya kwetu haijawahi kuwa ya watu wawili peke yao, na kwamba bajeti ndogo imegeuka kisingizio cha kazi iliyolipuliwa. Naona kila upande umeshika sehemu ya ukweli, lakini tatizo kubwa zaidi la filamu hizi si la fedha.

Tuanze na fedha, kwa kuwa ndiyo hoja inayotajwa kwanza. Watetezi wa bajeti ndogo hupenda kuitaja Paranormal Activity ya mwaka 2007, ambayo Oren Peli aliipiga ndani ya nyumba yake mwenyewe San Diego, Marekani, kwa takribani dola 15,000, na baadaye ikaingiza zaidi ya dola milioni 190 duniani kote. Kisa ni cha wapenzi wawili wanaoishi pamoja bila kufunga ndoa, nyumba ni moja, na kamera kwa sehemu kubwa imetulia mahali pamoja usiku. Mfano huo ni wa kweli, lakini unaelezwa nusunusu. Filamu ile ilisambazwa kwa upana mwaka 2009, baada ya kampuni kubwa ya Hollywood kuichukua na kuitangaza kwa nguvu ambayo mtengenezaji hakuwa nayo. Kilichothibitishwa pale ni kwamba hofu inaweza kutengenezwa kwa bei ndogo. Haikuthibitishwa kwamba hofu ya bei ndogo itajiuza yenyewe, na kijana anayekopa ili atengeneze filamu yake hapa Mtwara lazima azitenganishe hoja hizo mbili kabla hajaweka sahihi popote.

Mfano unaonifaa zaidi ni wa zamani. Mwaka 1938 ilichezwa London tamthilia ya Patrick Hamilton iitwayo Gas Light, na mwaka 1944 Hollywood ikatoa filamu iliyotokana nayo, ambayo ilimpatia mwigizaji Ingrid Bergman tuzo ya Oscar. Mume anamshawishi mkewe kwamba akili zake zimeanza kuruka. Usiku, mume anapowasha taa za gesi kwenye dari anakopekua kwa siri, msukumo wa gesi unapungua na taa za chini zinafifia. Mke anaona, lakini anafanywa aamini kwamba ni mawazo yake tu. Uzito wote wa kisa umebebwa na jambo dogo la matumizi ya nyumbani ambalo kila mtazamaji wa wakati ule alilijua.

Sasa chukulia nyumba ya kupanga pale Chuno au Magomeni, mjini Mtwara. Bibi harusi amenunua umeme wa LUKU Jumatatu, na Jumatano uniti zimekwisha. Mume anasema hesabu zake ndizo mbovu, kwamba tangu harusini hajapumzika vizuri, kwamba labda pasi aliiacha ikiwaka. Usiku mke anazima kila kitu, anachomoa friji, anachomoa hata chaji ya simu, kisha anatoka nje na kanga begani kwenda kuitazama mita. Kila mtu aliyewahi kukaa na mita ile anajua kwamba ile taa yake nyekundu hupepesa kwa kasi kadiri umeme unavyotumika. Nyumba ni giza tupu, na taa inapepesa mfululizo. Kuna kitu kinakula umeme ndani ya nyumba anayoambiwa ni yake. Tukio hilo halina gharama yoyote, halihitaji mazungumzo, na mtazamaji wa Mtwara, Lindi au Nachingwea atalielewa kabla bibi harusi hajafungua mdomo. Hapo watetezi wa bajeti ndogo wana haki kabisa: ufinyu wa fedha hauzuii jambo kama hili, na fedha nyingi zingeweza hata kuliharibu.

Lakini bajeti ndogo ina mahali inapoumiza, nako ni kwenye sauti. Mtazamaji husamehe picha yenye chembechembe. Hasamehi maneno yasiyosikika. Nyumba zetu nyingi zimeezekwa kwa bati, na bati linapopoa baada ya jua kutua hutoa mlio wa kukatika, mmoja mmoja, ambao kwa filamu ya hofu ni zawadi. Bati hilohilo mvua ikinyesha huua mazungumzo yote. Maikrofoni iliyopachikwa juu ya kamera huchukua feni, bodaboda ya barabarani na majogoo ya jirani kwa uzito uleule inaochukua sauti ya mwigizaji. Kama ningekuwa na neno la kushauri kuhusu matumizi ya shilingi, ningesema fedha ya kukodi droni ya kuonyesha fukwe za Msimbati iende yote kwenye maikrofoni ya kushikwa juu ya mwigizaji na kwenye siku za mazoezi. Tena wakumbuke kwamba sehemu kubwa ya watazamaji watatazama kwenye simu, wengine mchana chini ya mkorosho. Ngurumo nzito za muziki hazisikiki kwenye spika ya simu, na chumba chenye giza nene huonekana kama kioo kilichozimwa. Taharuki ya kutazamwa kwenye simu inahitaji milio myembamba: ndala sakafuni, kitasa, bati, mlio wa mita inayodai uniti.

Hoja ya upande wa pili ni nzito zaidi, nami naipa nafasi kubwa. Filamu nyingi za aina hii duniani huwatenga maharusi: nyumba ya ziwani, kijumba cha msituni, kasri la mume lililo mbali na kila mtu. Kutengwa huko ndiko kunakoifanya siri iwezekane. Ukikihamishia kisa hicho Newala bila kukigusa, kinavunjika chenyewe. Ndoa ya kwetu ina mshenga aliyepeleka posa, somo aliyemfunda bibi harusi, mashangazi waliokaa naye ndani, na mjomba ambaye bila yeye hakuna kilichozungumzwa. Wamakonde, Wamwera, Wayao na Wamakua kwa asili huhesabu ukoo kupitia kwa mama, na kwa mila za zamani mara nyingi mwanamume ndiye aliyehamia upande wa mke. Mume ndiye mgeni. Anakula chakula cha wakwe, anatazamwa anavyolima, anasikilizwa anavyokohoa. Filamu inayomleta bibi harusi mwenye woga kwenye nyumba kubwa ya mume mwenye siri imeziacha nje nyumba nyingi za kusini kabla haijaanza.

Wanaotetea muundo wa kutengwa hujibu kwamba nyakati zimebadilika, na jibu lao lina ukweli. Mwalimu aliyepangiwa Tandahimba akitokea mkoa wa mbali, muuguzi aliyeletwa hospitali ya Ligula, mnunuzi wa korosho anayekuja na msimu na kuondoka nao: hawa huoana na watu ambao koo zao hazijulikani hapa, na hukaa kwenye nyumba za kupanga ambako jirani hamjui hata jina la baba. Uislamu, shule na kazi za mshahara vimebadilisha pia nani anahamia kwa nani. Kwa hiyo maharusi waliotengwa wapo. Ninachokataa ni kuwafanya wao kuwa njia pekee ya kupata hofu, kwa sababu ipo hofu nyingine ambayo sisi tunaijua vizuri zaidi, nayo ni ya mtu anayekaa katikati ya ndugu ishirini wanaojua asichokijua. Kila mmoja anamchekea, anamletea uji, anamwuliza hali. Hakuna anayesema. Kasri la msituni halifikii uzito huo, na ndugu wa kuigiza nafasi hizo wapo kila mtaa.

Siri yenyewe pia ingefaa itoke hapa. Waandishi wengi hukimbilia mauaji ya zamani au mke wa kwanza aliyefichwa, na hayo yote yanaweza kutokea popote. Lakini msimu wa korosho wa mwaka 2018 uliacha kisa ambacho sijui kwa nini hakijaandikwa kwa wingi. Novemba ya mwaka huo Rais John Magufuli aliagiza serikali inunue korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likapewa kazi ya kuisomba, na wakulima wakahakikiwa ili wenye mashamba watenganishwe na kangomba, yaani wale wanaonunua korosho kwa bei ya kutupwa kutoka kwa wakulima waliobanwa na shida. Mweke bwana harusi katika msimu huo. Ukweni amejitambulisha kuwa mkulima. Mahari ameitoa papo kwa papo. Shamba hana hata mti mmoja. Wahakiki wanakuja kijijini na watataka waonyeshwe mashamba. Bibi harusi naye, kabla ya ndoa, aliiuza kwa kangomba korosho ya mikorosho ya mama yake ikiwa bado maua, bila mjomba kujua, ili dada yake alipiwe ada. Daftari la mume, lililofichwa juu ya kabati, lina jina la mama mkwe. Hakuna aliyeua mtu. Hata hivyo kila hatua ya wahakiki kuelekea kwenye nyumba hiyo inamkaba mtazamaji koo, kwa kuwa anajua mti wa korosho ni nini kwa familia ya huku.

Mwandishi anayehitaji muda wa kumbana mhusika anaweza pia kuupata katika sheria. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka taarifa ya siku 21 kabla ya ndoa kufungwa, na hizo ni siku ambazo mtu yeyote mwenye pingamizi anaweza kujitokeza. Inaruhusu ndoa ibatilishwe na mahakama ikiwa wakati wa kufunga ndoa mwenzi mmoja alikuwa na kifafa au wazimu wa kujirudia, au ugonjwa wa zinaa wa kuambukiza, au mke alikuwa na mimba ya mtu mwingine. Lakini mlalamikaji lazima awe hakujua, na lazima afungue shauri ndani ya mwaka mmoja. Talaka nayo haiombwi mahakamani kabla ya miaka miwili ya ndoa bila ruhusa maalumu. Siri iliyofichwa kwa miezi kumi na moja ina uzito tofauti kabisa na ile ya miezi kumi na tatu, na sijui kifaa bora kuliko hicho cha kumfanya mtazamaji ahesabu siku pamoja na mhusika.

Kuhusu wazimu, niseme kwa ufupi. Filamu inayomaliza kila kitu kwa kufunua kwamba mume au mke alikuwa mgonjwa wa akili imemdhulumu mgonjwa na imemdanganya mtazamaji. Wanaoitetea husema saikolojia ndiyo jina la aina hii ya filamu. Saikolojia ya woga, ya aibu na ya kujidanganya inatosha. Hizo zimo ndani ya kila mtu aliyekaa ukumbini. Hali kadhalika kwa mganga anayeletwa dakika za mwisho ili aeleze kilichomshinda mwandishi.

Limebaki swali gumu kuliko yote, la unyago. Mtengenezaji wa filamu ya maharusi kusini ataona kwamba mafunzo ya ndani ndiyo chanzo cha mengi anayoyajua au asiyoyajua bibi harusi, na atashawishika kuyaonyesha. Upande mmoja unasema sanaa isiyogusa mambo hayo ni ya uoga, na kwamba wasichana wengi hufundwa mambo yanayostahili kujadiliwa hadharani, hasa wanapofundwa wakiwa wadogo mno. Upande wa pili unasema mambo ya ndani yana wenyewe, na kwamba kamera ikishaingia haitoki tena. Mimi nasimama karibu zaidi na upande wa pili, ingawa si kwa sababu ya kuogopa mjadala. Katika ngoma ya mapiko ya Wamakonde, watu waliokwisha kupita jandoni walijua kwamba chini ya kinyago kuna mtu, na hawakusema, na kutosema kwao ndiko kulikompa mchezaji uwezo wa kutisha. Filamu ya taharuki hufanya kazi kwa namna hiyohiyo. Mlango uliofungwa, sauti za kinamama zikiimba upande wa pili, na uso wa bwana harusi aliyekaa barazani bila kuelewa hata beti moja: hapo kuna hofu, kuna heshima, na hakuna siri ya mtu iliyouzwa. Umri wa wanaofundwa unaweza kujadiliwa vikali kupitia mhusika anayesimulia kilichomtokea yeye, bila kuigiza kilichofanyika.

Kwa sababu hiyo ningependa kila mswada wa aina hii usomwe na wanawake wawili watatu waliowahi kuwa makungwi kabla kamera haijawashwa, nao wapewe mamlaka ya kukataa tukio na majina yao yawekwe kwenye orodha ya walioandika, ikiwa wataridhia. Gharama yake ni nauli ya kwenda Nanyamba na kurudi, chakula cha mchana, na siku moja ya kusikiliza bila kujitetea. Hakuna bajeti, hata iwe ndogo namna gani, inayoweza kusema imeshindwa na hilo.