Mti mkavu, sawa. Umekufaje?

Agosti nilikwenda Urambo kumsalimia mjomba, nikamkuta anapanga magogo kando ya bani lake, banda la kukaushia tumbaku kwa moto. Yamekauka hata ukiyagonganisha yanalia ko, ko. Salamu hazijaisha akaniwahi: "Mjomba, usinitazame hivyo. Yote haya ni mikavu. Sijagusa mti mbichi hata mmoja."

Huku kwetu Tabora neno "mikavu" linamaliza kesi. Aliyekata mbichi ni mharibifu, aliyekata mkavu hana kosa, basi. Hata mimi nililelewa hivyo. Ila kuni za marehemu bibi zilikuwa zile zinazovunjika kwa goti: matawi yaliyoanguka, mzigo mmoja, ngata kichwani, shingo yake ndiyo iliyompangia kiasi. Mkavu uliosimama hakuwa na habari nao, kwa sababu shoka hakuwa nalo. Leo kuna shoka, kuna mkokoteni wa ng'ombe, na kuna bani linalosubiri.

Namwelewa mjomba. Tumbaku ya mvuke, yaani hiyo ya kwenye bani, hukaushwa masika, kuanzia Januari hivi, na bani moja huwaka usiku na mchana karibu wiki nzima. Ukichochea kwa kuni mbichi unapata moshi mwingi na joto kidogo, jani linaharibika rangi, na siku ya soko mteuzi anayeikagua anakushushia daraja. Gogo lililolala chini nalo mchwa wameshalianza, na mvua ya kwanza inalilowesha. Lililokufa limesimama limepigwa jua na upepo pande zote. Hakuna kuni kama hiyo.

Tatizo ni hesabu. Msitu wa miombo hauui miti yake kwa kasi ambayo mabani yanaila. Mti wa miombo kama mtundu au muva hausikii kwamba msimu umekaribia. Kwa hiyo watu wanausaidia kufa. Unabandua gome kuzunguka shina, unaondoka zako. Au unarundika majani makavu shinani na kuyatia kiberiti, halafu moto kichaa wa Septemba unabeba lawama. Ukirudi msimu mwingine mti ni mkavu, umesimama, na ukiulizwa husemi uongo hata kidogo.

Siku ile nilifuatana na mjomba kwenye safari ya pili ya mkokoteni. Hatua kama kumi na tano kutoka njiani tukaukuta mninga. Umepukutika wote. Usawa wa goti gome limeondolewa ukanda wa upana wa kiganja, mzunguko mzima, na utomvu wake mwekundu umegandia hapo kama damu ya mbuzi kwenye kigogo cha machinjioni. Mninga! Mti wa milango na vitanda, unakwenda kukausha majani. Nikamuuliza nani kafanya hivi. Akawatazama ng'ombe wake kwanza. "Si umekufa wenyewe," akasema, kisha tukacheka wote wawili, maana hakuna cha kufanya kingine.

Na ule uliokufa kweli, kwa radi au kwa uzee, haujakaa bure. Gonga kwa mgongo wa shoka usikilize. Ukilia mtupu, tazama juu: huenda kuna kijibomba cha nta chembamba, mlango wa nyuki wadogo. Asali yao ni ghali kuliko ya nyuki wakubwa, na mkoa huu unajisifu kwa asali nchi nzima. Hondohondo jike naye hutafuta tundu kama hilo, anajiziba humo na mayai yake, dume anamlisha kupitia ufa. Unaangusha nyumba yote hiyo kwa moto wa siku moja. (Tena mti wa hivyo ukitikiswa na shoka huweza kukudondoshea tawi kichwani. Si kuni za kuendea peke yako.)

Nitasema jambo ambalo mjomba hakulipenda, na watu wa mazingira hawatalipenda pia: heri kuruhusu mbichi kwa mpango kuliko kuendelea na mchezo huu wa mikavu. Mtundu ukikatwa vizuri huchipua kisikini. Kijiji kikigawa msitu wake vipande, kikakata kimoja na kukilinda na moto na mifugo wakati vingine vinapumzika, vichipukizi vinarudi kuwa kuni. Ongeza mijohoro ya kupandwa shambani, ambayo nayo huchipua ikikatwa, na iwe ya bani tu. Serikali inataka ifikapo 2034 Watanzania asilimia 80 wawe wanapikia nishati safi. Vizuri sana, shangazi apate mtungi wa gesi. Lakini mtungi ule ni wa ugali, haukaushi tumbaku.

Wakati tunasubiri mpango huo, kanuni ya "mikavu tu" ingeongezewa swali moja: umekufaje? Jibu halihitaji mtaalamu. Mwenye kutoa kibali cha kuni ainuke kitini, aende hadi kwenye mti, apige magoti, atazame gome.

Mjomba aliuacha ule mninga siku ile. Sijui kama ni kwa sababu yangu au kwa sababu mkokoteni ulikuwa umejaa.