Saa 45 kwa wiki: zikipunguzwa, nani atapumzika?

Wanaotaka wiki ya kazi ya siku nne hupenda kutaja jaribio la Uingereza la mwaka 2022. Kampuni 61 zenye wafanyakazi wapatao 2,900 zilipunguza muda wa kazi kwa miezi sita bila kukata mshahara, na mwishoni kampuni 56 zikaamua kuendelea. Matokeo hayo yana uzito. Lakini kampuni hizo zilijitokeza zenyewe, na nyingi zilikuwa za kazi za mezani, ambako muda hupatikana kwa kufupisha vikao na kuacha taarifa zisizosomwa na mtu. Mlinzi wa getini hana kikao cha kufupisha. Lindo lina saa 168 kwa wiki, na kila saa lazima awepo mtu.

Kwa hiyo tuanzie hapo hapo getini, tukitumia sheria ya Tanzania Bara. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki, saa 9 kwa siku, na siku 6 za kazi. Muda wa ziada hauzidi saa 50 katika kila wiki nne, lazima mfanyakazi awe ameukubali, na malipo yake hayapungui mara moja na nusu ya mshahara wa msingi wa saa. Hata ukijumlisha muda wa ziada, siku moja ya kazi haivuki saa 12.

Sasa piga hesabu. Lindo likiwa na walinzi wawili wanaopokezana zamu za saa 12, kila mmoja akipumzika siku moja kwa wiki na mwingine akija kuziba, kila mlinzi anafanya saa 72. Ukitoa 45, zinabaki saa 27 za ziada kwa wiki, yaani 108 kwa wiki nne. Ni zaidi ya mara mbili ya ukomo. Wakiwa watatu, wastani unashuka hadi saa 56, na hapo wasimamizi wengi hudhani wamefika salama. Hawajafika. Bila makubaliano maalumu, kila zamu ya saa 12 ina saa 3 za ziada, na kwa zamu zake za wiki nne mlinzi anafikisha saa 56 za ziada badala ya 50. Wakiwa wanne, wastani ni saa 42, na hesabu inakaa sawa. Saa ya chakula nayo haisaidii kupunguza: mlinzi asiyeweza kuacha lindo lake anakula akiwa kazini, na saa hiyo anastahili kulipwa.

Tuseme tunashusha ukomo wa wiki kutoka saa 45 hadi 40: mwajiri aliyekwisha kuweka walinzi wanne atalipa zaidi kwa muda wa ziada, gharama inayobebeka. Mwajiri mwenye wawili, ambaye leo hafuati 45, hatafuata 40. Hiki ndicho kinachonisumbua katika mjadala mzima: kubadili tarakimu peke yake kunaongeza mzigo kwa anayetii, huku mtu anayechoka kuliko wote akibaki na saa zake 72.

Waajiri nao wana hoja ambayo haifai kupuuzwa. Mjini Göteborg, Sweden, makazi ya wazee ya Svartedalen yalijaribu siku ya kazi ya saa sita mwaka 2015 na 2016, mshahara ukibaki palepale. Wahudumu walikuwa na afya bora zaidi na waliugua mara chache. Lakini ili wazee wasikae bila mhudumu, iliwapasa kuajiri watu 17 zaidi, na jaribio halikuendelezwa kwa sababu ya gharama. Hospitali ya wilaya ambayo tayari ina upungufu wa wauguzi ikipewa saa 40 bila kibali cha kuajiri itajaza pengo kwa muda wa ziada ule ule, na muuguzi ataondoka wodini saa ile ile.

Kuna njia ya kati ambayo tayari imo ndani ya sheria na haitumiki vya kutosha, nayo ni wiki iliyobanwa. Kwa makubaliano ya maandishi, mfanyakazi anaweza kufanya hadi saa 12 kwa siku, muda wa chakula ukiwemo, bila malipo ya ziada, mradi siku zisizidi 5, saa 45 zisivukwe, na muda wa ziada usizidi saa 10 kwa wiki. Siku nne za saa 11 za kazi na saa 1 ya chakula zinatoa saa 44, na mapumziko ya saa 12 kati ya siku na siku yanatimia barabara. Jijini Dar es Salaam, mtu wa Mbagala anayefanya kazi Mikocheni, akitumia saa moja na nusu kila upande, anaokoa saa 6 za barabarani kwa wiki akitoka siku sita hadi nne. Hilo si jambo dogo. Ila siku zile nne anatoka nyumbani watoto wamelala na kurudi wamelala, na kwa mama mwenye mtoto mchanga mpango huu unaweza kuwa mbaya kuliko siku sita fupi. Kwenye mashine za kukata na kusaga nisingeupendekeza kabisa, maana saa za mwisho za zamu ndefu ndizo ambazo mkono huchelewa. Rwanda ilichukua njia nyingine: tangu Januari 2023 saa rasmi za kazi ni kuanzia saa 3 asubuhi hadi saa 11 jioni, na shule zinaanza saa 2:30, ili wazazi wapate muda na watoto asubuhi.

Linalosahaulika zaidi ni fedha. Kwa anayelipwa kwa mwezi, mshahara wa saa hupatikana kwa kugawa mshahara wa msingi kwa 4.333, kisha kwa saa za wiki. Shilingi 390,000 kwa saa 45 ni kama shilingi 2,000 kwa saa, na saa ya ziada ni 3,000. Zikishuka hadi 40, mshahara ukibaki vilevile, saa inakuwa 2,250 na ya ziada 3,375. Amepanda bila kuomba. Kibarua anayelipwa 15,000 kwa siku yuko upande mwingine kabisa: Jumamosi ikifutwa, 90,000 za wiki zinakuwa 75,000. Muda atapata, lakini ataupeleka kwenye kibarua kingine.

Kwa maoni yangu saa 40 ni lengo halali, lakini zisitangazwe kabla ya mambo mawili. La kwanza, wakaguzi wa kazi waanze na malindo, viwanda na mabasi, wakidai daftari la mahudhurio lenye saa ya kuingia na ya kutoka, na ratiba ya zamu ya wiki nne mfululizo. Ukaguzi huo uwafikie pia wale waliopachikwa cheo cha usimamizi ili wasilipwe muda wa ziada. Sheria inamwondoa kwenye ukomo mtu anayesimamia wengine kwa niaba ya mwajiri na kuripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu, na kiongozi wa zamu anayefungua mageti na kupanga magari si mtu huyo. La pili, sheria itakayoshusha saa kutoka 45 hadi 40 iseme katika kifungu hicho hicho kwamba kiwango cha saa na cha siku kinapanda kwa asilimia 12.5 kwa wanaofanya saa zile zile kwa siku, na kwamba aliyekuwa akifanya siku sita analipwa kwa tano kisichopungua alichokuwa akipata.